Kupiga Muziki Pamoja na Wenye Ngoma: Mwongozo kwa Msanii Mgeni na Mwenyeji Wake Bagamoyo

Kila mwaka Bagamoyo hupokea wanamuziki wanaotafuta sauti ambazo hawana kwao. Wengine hutoka Ulaya na Marekani, wakiwa wamesikia habari za chuo cha sanaa kilichoanzishwa hapa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Wengine hutoka Dar es Salaam kwa basi, nao ni watayarishaji wa Bongo Fleva wanaotaka kuweka ngoma ya Kizaramo au marimba ya Kigogo ndani ya wimbo mpya. Katika mwongozo huu wote hao nitawaita wageni, kwa sababu kijana wa Kinondoni ambaye hajawahi kuufuata mdundiko, ngoma ya Kizaramo ya kuandamana barabarani, ni mgeni mbele ya mdundiko sawasawa na aliyezaliwa London. Nitawaita wenye ngoma wale walioirithi, wanaoijua kwa undani, na ambao wataulizwa na jamaa zao siku ngoma hiyo ikitumiwa vibaya.

Nimefanya kazi ya kuwakutanisha watu hawa kwa miaka kadhaa, mara nyingi nikiwa mkalimani, mara nyingine nikipiga kinanda. Kila ushirikiano niliouona ukivunjika ulivunjikia kwenye swali moja, nalo ni nani amfuate nani. Swali hilo hujitokeza wakati wa kuomba ruhusa, hurudi wakati wa kulinganisha ala, hurudi tena wakati wa kushika mdundo, na mwishoni huonekana wazi kwenye karatasi za malipo. Ushauri wangu wote unatokana na imani kwamba mgeni ndiye anayepaswa kufuata kwanza, na kwamba anayefuata kwa moyo hupata nafasi ya kuongoza baadaye bila kuiomba.

Kabla ya kufungua kinasa sauti

Anza kwa kupiga hodi. Kikundi cha ngoma kina mwenyekiti, katibu na mtunza hazina, na hao ndio utakaowapata kwanza kwa simu. Lakini nyuma yao wapo watu ambao neno lao lina uzito zaidi, yaani manju anayetunga na kuongoza nyimbo, sogora anayeshika ngoma kuu, na wazee ambao huenda hawachezi tena ila wanajua wimbo upi ulitoka wapi. Mwenyekiti anaweza kukubali siku hiyohiyo, kisha mkashangaa kwamba watu hawafiki mazoezini. Sababu mara nyingi ni kwamba wazee hawakuulizwa. Kwa hiyo omba mkutano ambao wote watakuwepo, eleza unataka kufanya nini na kazi itauzwa wapi, kisha ondoka uwaachie nafasi ya kuzungumza wenyewe. Jibu la siku ya pili au ya tatu ndilo jibu la kweli.

Katika mkutano huo usije mikono mitupu. Pwani yetu ina desturi ya ada: anayetaka kufundishwa humpa fundi wake kilemba, hata kama siku hizi kilemba hicho ni fedha ndani ya bahasha au kitenge. Ada hii ni heshima ya kuingilia na haihesabiwi kuwa malipo ya kazi. Nimewahi kumwona mgeni akiikata ada kwenye malipo ya kurekodi, akidhani anaweka hesabu zake sawa, na wazee wakanyamaza kimya ambacho hakikuisha hadi alipoondoka.

Baada ya ruhusa, hudhuria ngoma mara mbili au tatu bila kurekodi chochote, hata kwa simu. Kaa, piga makofi panapopigwa makofi, itikia kiitikio, na ukiitwa uwanjani ingia ucheze. Wenye ngoma wanamtazama mgeni kwa makini siku hizo kuliko yeye anavyowatazama wao, na wanachotaka kujua ni kama anakuja kujifunza au kuchota.

Kazi kubwa ya siku hizo ni kujua ni nyimbo zipi zinazoweza kutoka. Neno ngoma lina mambo mengi ndani yake: ni chombo, ni mchezo, ni shughuli yenyewe. Zipo ngoma za furaha na za mashindano, zipo nyimbo za kilimo na za uvuvi, na hizi kwa kawaida wenyewe hufurahi zikisikika mbali. Lakini zipo za jando na unyago, na zipo za uganga ambazo hupigwa kwa sababu maalumu na kwa watu maalumu. Kuzisikia hakukupi haki ya kuziondoa mahali pake.

Nasema hivi kwa sababu nilikosea. Nilimpeleka mwanamuziki mmoja wa kike kwa bibi aliyesifika kwa sauti yake, na wakati mimi nimetoka kwenda kununua mkaa, bibi akamwimbia nyimbo nyingi jikoni, naye akazirekodi zote kwa simu. Usiku nilimpigia mama yangu mdogo mojawapo ili anisaidie maneno ya Kizaramo. Akaniambia nizime upesi. Ulikuwa wimbo wa mkole, ambao mwali hufundishwa akiwa ndani, na mimi sikupaswa kuusikia. Bibi hakuwa na kosa lolote, maana alikuwa anamfundisha mwanamke mwenzake, na hakujua kwamba sauti yake ingetoka nje ya jikoni lile. Tulirudi kesho yake kumwomba radhi, tukafuta wimbo huo mbele yake, na tangu siku ile kila ninapofungua kinasa sauti nasema kwa mdomo kwamba ninarekodi na nani atasikia.

Wasanii wa Australia wametuachia mfano mzuri wa kuchagua. Kundi la Yothu Yindi, lililoanzishwa mwaka 1986, liliwakutanisha wanamuziki wa Kiyolngu, ambao ni watu wa asili wa Arnhem Land kaskazini mwa nchi hiyo, na wenzao ambao Wayolngu huwaita balanda, yaani Wazungu. Wayolngu wana nyimbo za ibada ziitwazo manikay, ambazo kila moja ina ukoo wake unaoimiliki, na mtu hawezi kuimba ya ukoo mwingine apendavyo. Kundi hilo lilipotengeneza wimbo wake mashuhuri wa mwaka 1991, uliodai mkataba kati ya serikali na watu wa asili, sehemu ya Kiyolngu ilijengwa juu ya mtindo wa djatpangarri, ambao ni mtindo wa vijana wa kujiburudisha. Wimbo ukachezwa katika kumbi za disko nchi nzima bila kuvunja mwiko wowote. Hapa kwetu, chaguo kama hilo lingekuwa kuchukua mdundiko wa barabarani na kuyaacha ya ndani yabaki ndani. Huko Australia, Baraza la Sanaa la nchi hiyo limefika mahali pa kuchapisha mwongozo rasmi wa namna ya kufanya kazi na wasanii wa asili, ambao ndani yake ruhusa, heshima kwa siri za jamii, na mgao wa faida vimewekwa wazi. Sisi tunategemea zaidi mazungumzo ya mkekani, na ndiyo maana mazungumzo hayo yafanywe kwa utulivu.

Mkalimani

Tafuta mkalimani anayejua ngoma, wala usiridhike na anayejua Kiingereza tu. Nyimbo nyingi ni mafumbo, na mtu asiyejua fumbo atakutafsiria maneno huku maana ikipotea. Wimbo unaotaja kuku aliyepotea unaweza kuwa unamsema jirani aliyekimbia deni. Tafsiri yoyote itakayochapishwa isomwe kwa sauti mbele ya mwimbaji, naye aseme kama inafaa. Mkalimani alipwe na mgeni, lakini akubaliwe na pande zote mbili.

Kulinganisha sauti

Hapa ndipo wageni wengi wanapofanya kosa bila kujua kuwa wamefanya. Mgeni huja na gitaa au kinanda kilicholinganishwa kwa kipimo cha kiwandani, anasikia ilimba, yaani marimba ya Kigogo yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole, au zeze, kisha anasema kwa upole kwamba chombo cha mwenyeji kimetoka kidogo, je, hakiwezi kurekebishwa? Mwenye ilimba, kwa adabu, anavuta vyuma mbele na nyuma hadi vilingane na kinanda. Wimbo unarekodiwa, na kila mtu wa ukoo wake anayeusikia anasema kwamba umepoa.

Sababu yake inaeleweka vizuri. Chukua ndono, upinde wa Wagogo wenye uzi mmoja na kibuyu. Uzi unapotetema, hautoi sauti moja pekee. Hutetema pia kwa nusu yake, kwa theluthi yake, kwa robo yake, na kuendelea, na kila mgawanyo una sauti yake nyembamba ndani ya ile nzito. Ngazi ya sauti za Kigogo inafuata sauti hizi za asili za uzi. Sasa ile inayotokana na uzi kugawanyika sehemu saba iko chini ya sauti iliyo karibu nayo kwenye kinanda kwa takriban theluthi moja ya nusu-toni, yaani theluthi ya hatua ndogo kabisa kati ya sauti mbili za kinanda zinazofuatana. Sikio la aliyelelewa na kinanda huisikia kama kosa. Sikio la Mgogo huisikia kama nyumbani, na waimbaji wa Kigogo huiimba kwa uhakika hata kama hakuna ala karibu. Ukiisogeza sauti hiyo moja, umesogeza mhimili wa nyumba.

Kwa hiyo mgeni alinganishe chombo chake kwa ilimba. Kwa mpiga fidla hili ni jepesi, maana fidla haina vikato shingoni na kidole hukaa popote sikio linapotaka. Pengine hiyo ni mojawapo ya sababu fidla ilizoea upesi katika taarabu yetu ya Tanga na Unguja. Sauti ya mtu nayo inaweza, filimbi inaweza kwa kugeuza midomo, na gitaa linaweza kama mpigaji atavuta nyuzi au atatelezesha chupa juu yake. Vinanda vya umeme vya siku hizi, pamoja na programu za kompyuta za kutengenezea muziki, huruhusu kila sauti kushushwa au kupandishwa peke yake. Keti na mwenye ilimba, apige chuma kimoja kimoja, nawe uandike. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja. Piano ya mbao iache.

Jambo jingine linalohusu sauti ni mlio wa kukwaruza. Ilimba huwa na tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo hutetema na kutoa mvumo kama wa nyuki. Fundi wa studio aliyezoea sauti safi atauchukulia kuwa hitilafu, na nimeona mmoja akitaka kuuziba kwa gundi ya karatasi. Mvumo huo umewekwa kwa makusudi, na fundi wa ala hutumia muda mrefu kuupata. Mweleze mtu wa studio mapema.

Ngoma za ngozi nazo zina tabia zake. Hewa ya pwani ina unyevu, hasa wakati wa masika, na ngozi ikinywa unyevu hulegea na kushuka sauti. Dawa yake ni moto wa makuti au jua la mchana, na sogora ndiye anayejua imeiva lini. Panga vipindi vifupi vya kurekodi, wape watu nafasi ya kuzipasha ngoma tena, na usichanganye kipande kilichorekodiwa ngoma ikiwa na moto na kile kilichorekodiwa saa moja baadaye, kwa sababu havitakaa pamoja.

Kushika mdundo

Jifunze kucheza kabla ya kupiga. Huu ndio ushauri ninaourudia kuliko wote, na ndio wageni wanaouchelewa zaidi. Mizunguko mingi ya ngoma zetu ina mapigo 12 madogo, ambayo yanaweza kusikika kama manne makubwa au kama matatu makubwa, na yote mawili yanakwenda kwa wakati mmoja katika mikono ya watu tofauti. Mgeni anayesikiliza kwa masikio tu huchagua pigo linalovuma zaidi na kuliita la kwanza, kumbe wachezaji wanakanyaga mahali pengine kabisa. Nilishuhudia mpiga besi mwenye ujuzi mkubwa akifanya mazoezi siku tatu juu ya pigo lisilo lake, kila mtu akijua na kila mtu akiona haya kumwambia. Siku ya nne mama mmoja wa kikundi alimshika mkono, akamwingiza katika mstari wa wachezaji, akamfungia njuga mguuni. Baada ya nusu saa alirudi kwenye besi yake na hakukosea tena. Miguu ndiyo inayosema pigo la kwanza liko wapi.

Kuhusu mdundo wa kuhesabia unaogonga kwenye masikio ya wanamuziki wa studio, ambao mafundi huuita kliki, msimamo wangu ni kwamba usitumiwe wakati ngoma inarekodiwa. Ngoma hupanda mwendo kadiri watu wanavyochangamka, na kupanda huko kuna kipimo chake. Sogora huishika na kuiachia kwa makusudi, akitazama wachezaji. Ukimfunga kwa kliki umemwondolea kazi yake. Rekodi ngoma kwanza, watu wakiwa pamoja na wachezaji wakiwepo, kisha wageni waweke sauti zao juu yake wakifuata mwendo ule. Mtayarishaji atalalamika kwamba ni vigumu kukata na kupanga kwenye kompyuta. Ni kweli ni vigumu, lakini programu zinaweza kufundishwa kufuata mwendo unaobadilika, nayo ni kazi ya siku moja au mbili ya mtu mmoja aliyeketi kwenye kiti, wakati kumfundisha sogora kufuata mashine ni kuharibu kilichokuleta Bagamoyo.

Ngoma haimaliziki kwa dakika tatu, na wimbo wa redio unataka dakika tatu. Usikate peke yako. Muulize sogora na manju wapi wimbo unageuka, wapi panaweza kuwa mwanzo, na ni beti zipi zisizotenganishwa. Mara nyingi watakupa mkato mzuri kuliko ule uliouwaza, kwa sababu wao hufupisha na kurefusha kila siku kulingana na shughuli.

Kurekodi

Uwanja wenye kivuli cha mwembe una sauti nzuri kuliko chumba kidogo cha saruji, ilimradi umepanga saa. Epuka muda wa bodaboda nyingi, acha nafasi kwa sala, na usipange kazi ya ngoma ndani ya mwezi wa Ramadhani. Kiongozi na waitikiaji waonane uso kwa uso. Ukimweka kiongozi peke yake ndani ya chumba na kumvisha visikizio, ataimba, lakini hatakuwa na wa kumwimbia, na itasikika. Maikrofoni mbili zilizowekwa vizuri mbele ya kikundi kizima, pamoja na moja karibu na kiongozi na moja karibu na ngoma kuu, zinatosha.

Mgeni kutoka nje ya nchi aulize mapema Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na ofisi ya Uhamiaji kuhusu vibali vya kufanya kazi ya sanaa hapa. Kumtegemea mwenyeji alimalize jambo hilo dakika ya mwisho ni kumtwika aibu isiyo yake.

Karatasi na fedha

Kila mtu huona haya kuanza mazungumzo haya, kwa hiyo anza wewe mgeni, na uanze kabla ya pigo la kwanza kurekodiwa.

Tenganisha malipo ya aina tatu. Ya kwanza ni posho ya siku: anayekuja mazoezini ameacha shamba, mtumbwi au genge lake, na siku hiyo lazima ilipwe pamoja na nauli na chakula, hata kama hakuna kilichorekodiwa. Ya pili ni malipo ya kurekodi, ambayo hulipwa mara moja kwa kila aliyesikika. Ya tatu ni mgao wa mapato ya baadaye, yaani mirabaha, na hapa ndipo penye dhuluma nyingi, mara nyingine hata bila nia mbaya.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatofautisha haki ya aliyetunga na haki ya aliyeimba au kupiga, pamoja na ya aliyegharimia rekodi. Wimbo mmoja una mafungu hayo yote, na mtu anaweza kuwa na sehemu katika moja au katika yote. Mgeni akiandika kwamba wimbo ni wake naye amewalipa wapigaji, amewatoa wenye ngoma kwenye fungu la utunzi kabisa. Akiandika kwamba ni wimbo wa asili uliopangwa na yeye, amefanya jambo lilelile kwa maneno ya heshima zaidi, kwa kuwa fungu lote la utunzi litamwendea mpangaji. Lichunguze sana neno hilo la wimbo wa asili. Nyimbo nyingi zinazoitwa hivyo zina watunzi, wengine wangali hai, na mtaa mzima unawajua. Hata pale ambapo mtunzi hajulikani kweli, sheria hiyohiyo inazilinda kazi za jadi, na anayezitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya mila anapaswa kupata idhini ya BASATA.

Kisa cha Solomon Linda wa Afrika Kusini kinafaa kusimuliwa katika kila mkutano wa kwanza. Mwaka 1939 aliimba na kundi lake wimbo wa Mbube katika studio ya Johannesburg, kisha haki zake zikanunuliwa kwa shilingi 10. Wimbo ulifika Marekani, ukapokelewa kana kwamba hauna mwenyewe, ukabadilishwa maneno, na kufikia mwaka 1961 toleo lake la Kiingereza lilikuwa likiimbwa duniani kote. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Warithi wake walipata makubaliano yaliyomtambua kuwa mtunzi na kuwapa sehemu ya mapato mwaka 2006, yaani miaka 44 baada ya kufa kwake. Wazee wakisikia kisa hiki huwa hawahitaji maelezo zaidi kuhusu kwa nini karatasi ni muhimu.

Mimi hupendekeza mazungumzo ya fungu la utunzi yaanze kwenye nusu kwa nusu pale ambapo ngoma na wimbo vimetoka kwa wenyeji na mgeni ameongeza sehemu zake, kisha pande zote zisogee kutoka hapo kwa hoja. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti, na upewe siku kadhaa kabla ya kutiwa saini. Utaje majina kamili ya watu wote waliosikika, na asitajwe mwenyekiti peke yake. Useme mgao wa kikundi unaingia akaunti gani au namba ipi ya simu, na nani anaonyeshwa hesabu, mara ngapi kwa mwaka. Useme pia kitakachotokea mwanakikundi akifariki, kwa sababu warithi wasiotajwa husahauliwa upesi. Kisha wimbo usajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa majina yaliyokubaliwa kabla haujatoka, maana kurekebisha majina baada ya wimbo kuvuma ni kazi ya miaka.

Kifungu kimoja kipya nakisisitiza siku hizi: sauti zilizorekodiwa zisikatwe vipandevipande na kuuzwa peke yake kwenye intaneti kwa watengenezaji wengine wa muziki, wala zisitumike kwenye matangazo ya biashara, bila kurudi kuuliza. Kikundi kinaweza kukubali wimbo wa mapenzi na kukataa tangazo la pombe, na ni haki yake.

Kuhusu majina ya jaladani, mfano mzuri tunao hapahapa. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi na kufundisha Bagamoyo hadi kifo chake mwaka 2003, alitoa mwaka 2002 albamu pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, na majina yao mawili yakasimama pamoja jaladani, la Zawose likiwa la kwanza. Ukoo wake umeendelea. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose walitoa albamu yao wakijiita The Zawose Queens, wanawake wakiwa mbele katika muziki ambao kwa muda mrefu walisikika nyuma. Kuwaandika wenye ngoma kwa maandishi madogo ya nyuma, au kwa jina la jumla kama wasanii wa Bagamoyo, ni kuwafuta watu ambao unaweza kuwataja mmoja mmoja.

Kurudisha kazi

Kabla wimbo haujatoka, rudi nao. Usitume kiungo cha intaneti ukadhani umemaliza, kwa sababu wazee wengi hawatakifungua, na wakikifungua watasikiliza kwa spika ya simu ambayo haina besi. Njoo na spika kubwa jioni, uweke uani, waite kikundi chote pamoja na wazee waliotoa ruhusa, pika chai, na upige wimbo mara mbili bila kueleza chochote. Halafu nyamaza. Wape nakala kwenye flashi, pamoja na rekodi nzima ya ngoma ambayo haikukatwa, kwa kuwa hiyo ndiyo watakayoitumia kuwafundishia watoto wao. Tenga fedha na siku za studio kwa ajili ya marekebisho yatakayosemwa jioni hiyo, maana yatakuwepo.

Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, sogora alisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaomba jambo moja tu: manyanga yapandishwe kidogo kabla ya ubeti wa tatu, kwa sababu ndiyo yanayowaambia wachezaji wakati wa kugeuka. Mgeni hakuwa amejua kazi ya manyanga yale. Aliyashusha kwa kudhani ni pambo. Tulirudi studio, tukayapandisha, na Jumapili iliyofuata tukaupeleka wimbo tena.